Kesi ya Kompyuta Ndogo na Mtamba wa Vudee

Kijiwe chetu kiko ng'ambo ya stendi ya Same, kwenye baraza ya duka la Rahabu mchora mabango, na ukitaka kunywa kahawa pale jifunze kwanza kufunika kikombe kwa kiganja, maana upepo wetu haujali umelipia nini. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Upande wa kivuli anakaa mzee Asheri, tunamwita Jaji, kwa sababu amekaa mahakamani kuliko mahakimu wenyewe, ingawa siku zote upande wa mdai. Katikati ni Athumani fundi redio, jina la kijiwe Injinia. Pembeni yake ni Sylvester, mtu wa Kigoma aliyeletwa huku na kazi ya mkonge. Shamba likafifia, yeye akabaki, ndiye Katani. Omari anamimina kahawa. Mimi nashona viatu hapohapo na wananiita Katibu, japo sijawahi kuandika hata jina langu kwa ajili yao. Majirani zetu Wachaga husema Mpare huuza ng'ombe ili adai kuku. Wanatusingizia. Jaji aliuza mbuzi tu.

Kijiwe kina sheria moja. Shauri likishafunguliwa, atakayelikatiza kabla halijafungwa ananunua kahawa ya benchi zima. Kwa sheria hiyo nimewaona watu wakiacha nyumba ya jirani iungue kidogo kwanza. Siku ninayoisema ilikuwa mwaka ule uliofuata mvua za El Nino, madukani kumejaa kila kitu hadi vya kuchezea vya Dubai, na mifukoni hamna kitu. Rahabu alitoka dukani na boksi kubwa lenye picha ya kompyuta, akaliweka mbele ya benchi apate nafasi ndani. Omari, bila kuuliza, akapanga vikombe juu yake.

Rahabu: Shikamoo baba mdogo.

Jaji: Marahaba mwanangu. Sema, naona una shauri.

Rahabu: Si lile lile, baba mdogo. Rogers anapita leo jioni na Hiace yake. Ama namwambia kompyuta nimeichukua, akamchukue mtamba Vudee, ama anabeba mashine yake na kesho iko Mwanga kwa mwenzangu. Bila neno lako siwezi kumjibu.

Jaji: Neno haliokotwi, binti. Neno linasikilizwa. Wazee wapo, shauri litasikilizwa hapa hapa.

Rahabu: Naomba lisikilizwe kabla ya Hiace, basi. Watu wa Same wanapanda magari kwenda Moshi kutengeneza kadi za mchango wa harusi, mimi nipo hapa nimekaa na brashi. Na mkono huu ukianza kuchoka saa tisa, bango zima linapinda. Nikiikosa hii sijui nyingine itapita lini.

Alisema hivyo, akarudi ndani. Sikupenda jinsi alivyosema. Hakuwa analalamika, alikuwa ameshaanza kukata tamaa, na Rahabu si mtu wa kukata tamaa mapema.

Mambo yenyewe ni haya. Marehemu kaka yake Jaji, baba yake Rahabu, aliacha ng'ombe mmoja Vudee, kijijini kwao milimani. Yule ng'ombe baada ya matanga akazaa, na ndama amekuwa mtamba. Rogers wa Moshi hakutaka fedha, alimtaka huyo mtamba akamfuge zizini nyumbani kwake, yeye atoe kompyuta na printa yake. Rahabu ndiye mwenye mtamba, lakini katika ukoo wao mnyama wa marehemu haondoki zizini mpaka ndugu wa kiume wa marehemu atamke. Ndugu aliyebaki ni Jaji. Basi riziki ya msichana ikawa inangojea mdomo wa mzee anayeufungua kwa kahawa peke yake.

Sasa kuna jambo moja ambalo wao hawakulijua na mimi nililijua. Kiti changu kinatazama mlango wa Rahabu. Wao wameupa mgongo. Kompyuta ilikuwa mezani kwake tangu Jumatatu, kadude kamoja keupe, kioo na kila kitu ndani ya kiwiliwili kimoja, hakazidi debe. Boksi lililokuwa mbele yao lilikuwa tupu. Nilifungua mdomo niwaambie, nikakumbuka sheria ya kahawa, nikaufunga. Na mimi ni Mpare, senti yangu haitoki kwa mchezo.

Jaji: Shauri limefunguliwa. Swali ni moja: kompyuta ndogo kama hii iliyoko mbele ya baraza inafaa kazi ya uchoraji na mapicha, au haifai? Injinia, wewe ni mtaalamu. Mchunguze mshitakiwa.

Injinia akaondoa vikombe, akaliinua boksi. Lilikuja juu kwa kidole kimoja na nusu. Nikainamia kiatu.

Injinia: Wazee, nyepesi.

Katani: Nyepesi kiasi gani?

Injinia: Kama haipo.

Katani: Eh! Basi hiyo ni noma.

Injinia: Siyo noma, ni utaalamu. Redio ya zamani ilikuwa na uzito kama wa jiwe la kusagia, ya siku hizi unaitia mfukoni. Ngoja niigonge. Mmesikia? Du, du! Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, maana yake ndani kuna spika.

Jaji: Uchunguzi umepokelewa. Je, picha itaingia?

Injinia: Hapo ndipo penye kazi. Picha ndani ya kompyuta inalala, Jaji. Chumba chake ndicho hiki. Maneno hayahitaji nafasi, maneno yanakaa yamebanana kama abiria. Picha inataka kujinyoosha. Ukiingiza kuku, sawa. Ukiingiza mlima wa Shengena, lazima uukunje.

Katani: Ukiukunja?

Injinia: Unatoka na mikunjo! Watu watauliza huu ni mlima au shati la mtumba.

Katani: Basi na mimi niseme. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Kitu kidogo kinatoa kidogo.

Omari: Katani, hiyo methali inasema kinyume.

Katani: Kinyume cha nani? Mkonge mrefu unatoa katani ndefu, mkonge mfupi unatoa ya kufungia karanga. Nimekata mkonge mimi, wewe umekata kahawa? Sikiliza. Rahabu atatengeneza kadi ya harusi na picha ya bwana harusi. Bwana harusi ni mrefu. Mashine inambana. Kadi zinatoka, bwana harusi kafika kiunoni kwa bibi harusi. Siku ya harusi wanakuja watu wa upande wa mke, wanaangalia kadi, wanamwangalia kijana. Wanasema huyu siye.

Jaji: Hapo kesi ipo.

Katani: Kesi ipo na pilau limeshaiva!

Jaji: Na mchango umeshatolewa. Endelea, endelea.

Katani: Mimi nawaambia hii kitu imepunguzwa. Nyie hamjui kupunguzwa, mimi nakujua. Wafadhili walikuja wakasema bana matumizi. Shamba likapunguzwa. Watu tukapunguzwa, asubuhi tu, jina halisomwi unarudi kambini. Posho ikapunguzwa mpaka ikakwisha. Sasa kule kwao wamebana na kompyuta. Kubwa wamebaki nazo, ndogo wanatuletea.

Katani huwa anacheka anaposema habari ya kupunguzwa, lakini siku hiyo cheko lilichelewa. Omari akamwongeza kahawa, na hilo Omari halifanyi kirahisi.

Injinia: Pole, ndugu yangu. Lakini kupunguzwa kwa mashine siyo kama kwa mtu. Mashine ukiipunguza, nguvu inabanana ndani. Ndiyo hatari yenyewe! Rahabu akichora bango la lori, lile lori linaingia humu limebanwa, likitoka nje linavimba. Karatasi haiwezi kulizuia. Utaona duka zima limepasuka.

Omari: Injinia, acha kamba.

Injinia: Kamba? Umeshafungua soda iliyotikiswa? Ndiyo hiyo hiyo.

Saa nane na kitu umeme ukarudi, tukajua kwa redio ya kinyozi. Muda si mrefu dukani kwa Rahabu kukaanza mlio: kriii, kriii, kriii.

Katani: Nini hicho?

Injinia: Mashine ya kusaga ya kule nyuma. Mkanda umelegea. Niliwaambia.

Nilikuwa namwona Rahabu ameinama juu ya printa, karatasi inatoka taratibu, yeye anaisaidia kwa vidole viwili kama anampokea mtoto. Uzi ulinikatikia mara mbili kwa kuzuia kicheko.

Jaji: Sasa msikilize upande wa sheria, maana nyie mnahukumu kwa macho. Hii mashine imetengenezwa na nani? Na Mzungu. Rahabu akichora picha, mkono ni wa Rahabu, lakini mstari ni wa mashine. Basi picha ni ya nani?

Katani: Nusu kwa nusu.

Jaji: Umeona! Mzungu anakaa kwao anangoja Rahabu apate wateja. Akishapata, anafungua madai. Kesi itasikilizwa Marekani. Nani atakwenda kumsimamia mtoto?

Alinyoosha kola. Nakuapia mzee alikuwa ameanza kuifurahia safari.

Omari: Wewe si hata Tanga hujafika.

Jaji: Haki haina mipaka. Mimi kesi ya kuku wangu niliifuata miaka mingapi? Niliwaambia mahakama: kuku wangu ni mweusi, ana kishungi, bawa la kushoto lina manyoya mawili ya kijivu, kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kimepinda nje. Hakimu akasema mzee, unamjua kuku wako. Nikamwambia mheshimiwa, mtu asiyekijua kilicho chake ana haki gani ya kukisemea?

Injinia: Hapo ulipiga msumari.

Katani: Na kuku ulimpata?

Jaji: Alikuwa ameshaliwa. Lakini nilishinda.

Basi ikaendelea hivyo. Injinia akafika mahali pa kusema kompyuta ndogo ni jike na inabidi Rogers alete dume. Katani akataka kujua zitazaa printa au zitazaa kompyuta. Jaji akatoa rai ya kuahirisha shauri mpaka wiki ijayo, akasema haraka haraka haina baraka, na mtamba ni baraka, kwa hiyo mtamba hana haraka. Nikatazama barabara. Kivuli kilikuwa kimeshahamia upande wa pili, na Rogers hakuwa mtu wa kuahirishwa. Hapo kwa kweli nikakasirika. Mchezo ni mchezo, lakini mtu amekaa ndani anangoja. Nikajisemea, liwe liwalo, kahawa nitanunua.

Sikuwahi. Lori la mawe lilisimama ng'ambo, akateremka bi Eliaichi, dada mkubwa wa Jaji, mguu mmoja mmoja, kanga kaifunga kiunoni. Yeye ndiye anayekaa Vudee kwenye boma la marehemu. Kikundi chao cha akina mama kinatengeneza samli, na alishuka kuchukua lebo za chupa alizoagiza kwa Rahabu. Akasimama mbele ya benchi, akafuta vumbi usoni.

Jaji: Shikamoo dada.

Eliaichi: Marahaba. Mnafanya nini hapa na nyuso za msiba?

Injinia: Shikamoo mama. Tuko kwenye shauri, na sheria yetu anayekatiza ananunua kahawa.

Eliaichi: Marahaba. Shauri la nini?

Jaji: La mtamba wa marehemu, dada. Mtoto anataka kumtoa abadilishe na hii kompyuta. Ndogo, nyepesi, mtaalamu ameithibitisha. Mimi ndiye mlinzi wa mali ya kaka, siwezi kuiachia kienyeji. Yule mtamba ni damu yetu. Namwonea uchungu.

Eliaichi: Unamwonea uchungu?

Jaji: Sana.

Eliaichi: Ana rangi gani?

Jaji akanywa kahawa, na kikombe kilikuwa tupu.

Jaji: Nani?

Eliaichi: Mtamba, Asheri. Unayemwonea uchungu. Ana rangi gani?

Jaji: Ah, dada. Si mwekundu.

Eliaichi: Mwekundu alikuwa mama yake. Nakuuliza yeye.

Jaji akamtazama Injinia. Injinia akalitazama boksi. Katani akajitia kufunga kamba ya kiatu, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala. Hata mimi nilijikuta natafuta jibu, na tangu mtamba azaliwe nilikuwa nimemsikia Jaji akimtaja yule mnyama kila siku ya Mungu. Hakuna aliyejua. Mzee alikuwa hajapanda Vudee tangu matanga. Kwanza mguu, kisha mvua zilikata barabara, kisha kuku.

Eliaichi: Majani namkatia mimi. Maji namchotea mimi na huu mgongo. Usiku akilia naamka mimi. Sijasema kitu, kwa sababu ni wa kaka. Lakini rangi tu, Asheri?

Jaji akazungusha kikombe kitupu mkononi. Nami sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Rahabu alikuwa ametoka kwa kusikia sauti ya shangazi yake. Mkononi alikuwa na karatasi kadhaa, ya juu bado ina joto.

Rahabu: Shikamoo shangazi. Lebo zako. Nimezimalizia sasa hivi, umeme ulichelewa.

Bi Eliaichi akaipokea ile ya juu, akainyoosha mbali na macho. Lebo sita zilipangana mbili mbili, maandishi ya SAMLI YA VUDEE yamekaa sawa bila kupinda, na juu ya kila moja kichwa cha ng'ombe.

Eliaichi: Jamani. Si huyu!

Katani: Nani?

Eliaichi: Mtamba! Mweusi, bato jeupe kwenye paji, linashuka mpaka puani. Na sikio hili lililochanika kwenye seng'enge. Hata anavyokutazama kama umemwibia. Rahabu, umemchora lini?

Rahabu: Jumatano ile niliyopanda. Nilimtazama tu, nikaja nikamchora kwa mashine. Nilikosea sikio, nikalirekebisha sikio peke yake. Kwa brashi ningeanza upya. Halafu moja nikaifanya sita, zote sawasawa.

Injinia: Ngoja, ngoja. Umechorea mashine ipi, na mashine tunayo hapa?

Rahabu: Hiyo? Hilo ni boksi, kaka Athumani. Kompyuta iko mezani tangu Jumatatu.

Injinia akafungua boksi. Mlikuwa na maboya meupe mawili ya kukinga mashine isigongwe, na ganda la ndizi, nadhani la Omari. Katani akacheka mpaka akashuka kwenye benchi. Omari akacheka akamwaga makaa. Injinia akalifunga boksi, akatafuta la kusema, akalipata.

Injinia: Nilisema kama haipo. Hamkunisikiliza.

Jaji peke yake hakucheka. Alikuwa ameichukua karatasi kwa dada yake, ameiweka kwenye magoti, ameishika pande zote mbili upepo usiipeperushe.

Jaji: Binti, na bango kubwa je? Haka kadude kataweza?

Rahabu: Hakawezi, baba mdogo, sitakudanganya. Kioo chake ni kidogo, na rangi hakana, ni nyeusi na nyeupe. Rangi nitaweka mwenyewe kwa mkono, kama siku zote. Bango la lori nitapanda ngazi na brashi yangu. Lakini kadi, lebo, fulana za kwaya, hivyo vitabaki Same.

Jaji: Bato linashuka mpaka puani, dada?

Eliaichi: Mpaka puani.

Jaji: Kaka naye alikuwa anatazama hivi hivi. Kama umemwibia.

Bi Eliaichi akageuka pembeni, akashika ncha ya kanga. Ng'ambo ya barabara Hiace ilipiga honi, Rogers akatoa kichwa dirishani. Rahabu hakumtazama Rogers, alimtazama baba yake mdogo. Kikombe cha Jaji alikishika Omari, akainamisha birika, halikutoa kitu.

Omari: Wazee, kahawa imekwisha.

Mzee akasimama. Akaikunja ile karatasi taratibu, mikunjo miwili, kwa namna ambayo haikupita kwenye uso wa ng'ombe, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Jaji: Mwambie Rogers akamchukue huyo anayekula majani. Huyu asiyekula nabaki naye mimi.